Kwizinieri kubwa ao furu ya meza na resho: ipi inafaa mu apartema ya zamani hapa Bukavu?

Kila wiki kuko mutu ananiandikia: "Mama gato, ninunue kwizinieri kubwa ya plake 4 na furu chini, ao nichukue furu ya meza na resho pembeni?" Wanajua kama natengeneza magato ya ndoa na ya batizimo na kama nimeshapika na zote mbili mu apartema moja ya zamani. Basi naandika yote hapa mara moja, mutu asome kwa utulivu mbele ya kutoa dola zake, juu hii kitu nusu yake si mambo ya kupika, ni mambo ya kulala na watoto mu nyumba bila moto kuanzia mu ukuta.

Tunakaa Ibanda, upande wa Nyawera, etaji ya pili ya jumba moja ile ilijengwa wakati wa Wabelgiji. Kuta nene, dari iko juu sana, baridi nzuri mchana. Napenda hii nyumba. Lakini wakati walivuta umeme wake hakuna mutu aliwaza kama siku moja jikoni kutakuwa furu, frigo, buyuwari ya chai na mashine ya kupiga mayai, vyote pamoja. Walifikiria balbu na redio, labda na pasi.

Mwanzo nilifanya kama wote. Nilinunua furu ndogo ya meza na resho ya plake 2, nikachomeka zote mu multiprizi moja, ile nayo imechomekwa mu prizi moja ya ukuta. Miezi kadhaa iliendelea vizuri. Kisha siku moja, gato ya ndoa iko ndani, nikasikia harufu kama ya samaki anaungua na mimi sikuwa napika samaki. Prizi ilikuwa imeyeyuka, nyuma yake ukuta ni mweusi. Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa umeme, akakuja jioni ile ile, akakata umeme ku kofre (sanduku la ukutani lenye kugawanya umeme wa nyumba), akapima na testa kwanza kuhakikisha kama hakuna kitu, njo akafungua. Fili za ndani zilikuwa zimevalishwa kitambaa na mpira mweusi, na alipozigusa na kidole ule mpira ulivunjika kama ganda la karanga. Watoto wangu walikuwa wanalala upande wa pili wa ule ukuta.

Anzia ku kofre, si ku duka

Kile shemeji alinifundisha usiku ule ni hiki, na mimi nakirudilia kwa kila mutu: disjonkta, ile swichi ya ku kofre inaanguka yenyewe umeme ukizidi, hailinde furu yako, inalinda fili. Kama fili ni nyembamba disjonkta lazima iwe ndogo, na kama disjonkta ni ndogo basi chombo kikubwa hakiwezi kuwaka pale, itaanguka kila saa. Wengi wakiona inaanguka wanaita kijana wa kartie anatoa ya ampea 16 anaweka ya 32, na kweli haianguke tena, wanafurahi, wanampa bia. Sasa ni fili njo inaungua mahali pa disjonkta, na fili iko ndani ya ukuta, hauioni. Mu nyumba za zamani kuna hata ile mbaya zaidi: fizibu za porselene, zile nyeupe za mbele ya disjonkta kukuja, mutu alishaweka ndani kipande cha fili ya shaba mahali pa fizibu yenyewe. Ukiona hivyo ku kwako, acha mambo ya furu kwanza, rekebisha hiyo.

Kwa hiyo mbele ya kwenda Kadutu ao wapi kuangalia bei, angalia vitu vitatu. Disjonkta ya kichwa, pale karibu na kompteri, imeandikwa A (ampea) ngapi: 20 A ni kama wati 4600 kwa nyumba nzima, 32 A ni kama 7360, 40 A ni kama 9200. Pili, fili inayofika jikoni ni ya ngapi. Mafundi wanasema "ya moja na nusu", "ya mbili na nusu", "ya sita", hiyo ni milimita za mraba za shaba. Tatu, kama tere iko (fili ya kupeleka mu udongo umeme unaotoroka), na hapo nitarudi juu ni pale watu wanakufa.

Hesabu ni rahisi, chukua wati zilizoandikwa nyuma ya chombo, gawanya kwa volti 230, unapata ampea. Prizi ya kawaida ni ya ampea 16, basi.

Kwizinieri kubwa

Ile ya plake 4 na furu, kama vyote vinawaka mara moja, mara nyingi inafika wati 7000 na zaidi. Chukua 7200: ni ampea 31. Prizi ya kawaida haiwezi hata kidogo, ni mara mbili ya nguvu yake. Inaomba laini yake peke yake, kutoka kofre mpaka jikoni, haikutane na prizi ingine wala balbu. Kanuni ya Ufaransa, NF C 15-100, inasema kwa fazi moja (umeme wa kawaida wa nyumba: fazi inaleta, netre inarudisha): fili ya shaba ya 6, disjonkta ya 32 A, na ku mwisho sanduku la kutokea kable ao prizi ya 32 A. Shemeji anafuata hiyo, na mimi naona ni sawa.

Kuna wenye watasema "ile ya moja na nusu iko tayari mu ukuta, tuitumie tu". Angalia inafanya nini. Fili ya 1.5 kwa umbali wa metre 15, kwenda na kurudi ni metre 30, ukipitisha ndani yake ampea 31 inakula kama wati 350 njiani. Wati 350 za joto, ndani ya ukuta, siku zote unapika. Ile ya 6 kwa umbali ule ule inakula chini ya wati 90, na iko nene, joto linasambaa.

Bei yake njo inaumiza. Si kwizinieri yenyewe, hizo za okazioni kutoka Ulaya unaweza kupata kwa bei nzuri, ni kable. Fili tatu za 6 (fazi, netre, tere) kwa metre 15 ao 20, disjonkta, guluti ya plastiki ya kupitishia fili, na mkono wa fundi, mara nyingine vinapita bei ya chombo. Na kama hauna 40 A ku kichwa, siku unawasha furu na plake zote na frigo inaanza, nyumba nzima inaingia giza.

Kitu kingine cha hizi za okazioni: nyuma kuna sanduku dogo lenye vis 5 ao 6 na vipande vya shaba vya kuunganisha. Ulaya wengi wanaunganisha na fazi tatu, kwa hiyo inaweza kukufikia imepangwa hivyo. Kwa fazi moja zile vis za fazi lazima ziunganishwe pamoja na vile vipande, za netre pamoja, na tere peke yake, na mchoro uko pale pale nyuma ya mfuniko. Mwenye anaruka ule mchoro anaweza kupata plake mbili zinawaka na mbili hapana, hiyo ni bahati yake, ao anapata korsirkwi, ao, kama umeme wake ni wa fazi tatu, volti 400 ku plake ya 230.

Fazi tatu yenyewe? Kama kompteri yako ni ya fazi tatu ni nzuri kwa hesabu, juu mzigo unagawanyika, inatosha fili ya 2.5 (tano ndani) na disjonkta ya 20 A. Lakini hapa kwetu fazi moja kupotea ni kawaida, unabaki na nusu ya plake baridi na chakula cha watu juu ya moto. Na netre ikikatika ku fazi tatu volti zinapanda upande mumoja, zinaua frigo na televizyo na kila kitu. Mimi sikuichukua.

Furu ya meza na resho

Furu ya meza ni wati 1500 mpaka 2000, resho ya plake 2 ni kama 2500. Moja moja, kila kitu ku prizi yake, iko sawa: ampea 9 na ampea 11. Pamoja ni karibu ampea 20. Njo kosa langu mimi lilikuwa hapo, 20 mu multiprizi ya 16, kwa saa mbili, juu gato kubwa haiive mu dakika 30.

Kwa hiyo "ndogo" haimaanishe "chomeka popote". Inaomba laini mbili mpya za 2.5, moja ya furu, moja ya resho, kila moja na disjonkta yake ya 16 ao 20 A. Hizo ni rahisi kabisa kulinganisha na ile ya 6, fili ni nyembamba inapinda vizuri, guluti ndogo ya plastiki inapita juu ya ukuta bila kuvunja kitu. Kama hauna uwezo wa laini mbili fanya moja, lakini hapo furu na resho haziwake pamoja hata siku moja, na mutu wote mu nyumba ajue, hata mtoto wa kazi, hata bibi aliyekuja kutembea.

Ralonje, ile kable ya kurefusha prizi, hapana. Na ile ya kuzungushwa ku gurudumu ni mbaya kuliko zote, ikiwa imekunjwa joto halitoke inajipika yenyewe.

Upungufu wake unajulikana: furu ya meza ni fupi, sahani ya gato ya sentimita 40 haiingie, na juu inaunguza mbele ya katikati kuiva. Kwa familia ya watu 5 inatosha sana. Kwa mwenye anauza magato manne kila jumamosi, anachoka.

Fili ya kweli na fili ya uongo

Hii inanikasirisha kweli. Ku soko kuko fili imeandikwa 2.5 na ndani si 2.5, na ingine ni aluminium wamepaka rangi ya shaba. Fili ya 2.5 ya kipande kimoja, ukiitoa ngozi, upana wake ni karibu milimita 1.8, ya 1.5 ni karibu 1.4, ya 6 ni karibu 2.8. Fundi mwenye kifaa cha kupimia anapima mbele ya muuzaji, hakuna aibu. Kisha kwaruza na kisu: shaba inabaki nyekundu mpaka ndani, aluminium inatokea nyeupe. Na kama nyumba yako iko na kipande cha aluminium kutoka zamani, usikubali waikunje na shaba moja kwa moja, baada ya muda pale pa kukutana panalegea, panapata joto, na njo pale moto unaanzia. Kuna viungio vyake maalum.

Tere

Mu apartema za zamani prizi nyingi ziko na matundu mawili tu, tere haipo. Kwa redio ilikuwa inapita. Kwa furu ya chuma ile unaigusa na mikono yenye maji, hapana. Rezistansi, ile sehemu ya ndani inatoa joto, ikipasuka, umeme unakuja ku mwili wa furu, na bila tere unabaki pale unangojea mkono wako.

Nimeona mafundi watatu tofauti wakitoa suluhisho moja: "Mama, tutaunganisha tere na netre hapo mu prizi, ni kitu kimoja." Si kitu kimoja! Siku netre inakatika mahali popote njiani, na hapa inakatika, mwili wa furu unakuwa na volti 230 hapo hapo bila hata kitu kuharibika ndani. Bomba la maji pia si tere, siku hizi wanabadilisha kipande na plastiki na hakuna mwenye anajua wapi. Bomba la gazi usitaje.

Tere ni nondo iliyopigwa chini mu udongo, na fili ya kijani na njano kupanda mpaka kofre yako. Sisi wa etaji ya pili tulilazimika kuongea na mwenye nyumba na majirani wa chini, tukachanga, ikapanda moja kwa wote. Fundi aipime na kifaa chake, chini ya ohmu 30 ni nzuri. Kisha weka diferansieli ya miliampea 30, ile inakata mara moja ikiona umeme unatoroka. Kuko kitufe cha testi juu yake, kibonyeze kila mwezi, lakini ujue kama kile kitufe kinajaribu diferansieli tu, hakikuambie kama tere iko. Watu wanabonyeza, inaanguka, wanasema tuko salama, na nondo haikupigwa hata.

Kitu kimoja cha kutuliza roho: furu iliyokaa muda bila kuwaka, sana sana hapa karibu na ziwa mu musimu wa mvua, rezistansi zake zinanyonya unyevu, na siku unaiwasha diferansieli inaanguka. Si lazima imekufa. Fundi aipime, na kama ni unyevu tu inakaushwa kwa moto mdogo. Kile hakuna ruhusa ni kutoa tere ao kuruka diferansieli "ili ikauke".

Umeme wetu wenyewe

Tuko karibu na Ruzizi, maji ya ziwa letu yanageuza mashine pale chini, Ruzizi ya pili tunagawana na Rwanda na Burundi tangu 1989, na bado jioni ku jikoni kwangu multimeta inaonyesha volti 180. Inaniuma. Na kwa furu 180 si kupungua kidogo: nguvu inashuka kwa mraba, ile ya wati 2000 inabaki na kama 1225. Gato inapanda, inangoja joto, inachoka, inashuka katikati. Hapo kubwa na ndogo ni sawa, zote zinateseka, isipokuwa kubwa iko na akiba ya wati kidogo. Nunua termometre ya furu, ile ya kutundika ndani, usiamini namba za kifundo cha kuzungusha. Na usinunue stabilizatere ya frigo ukachomeka furu, itaungua.

Plake za induksyo sizipendekeze hapa kama hauna ulinzi mzuri, mashine za ndani ni za elektroniki, volti zikiruka zinakufa. Resho ya kawaida ya chuma inavumilia.

Kisha delestaji, ule umeme kukatwa kartie kwa kartie. Umeme unakatika chakula kiko juu, unaondoka, unasahau, umeme unarudi saa nne usiku wewe umelala na resho imewaka sufuria kavu juu yake, ao kitambaa. Kwa hili kwizinieri kubwa ni hatari zaidi juu iko na vifundo 5 ao 6 na hauoni kimoja kiko wazi. Ku kwangu ni sheria: umeme ukikatika, mutu wa kwanza kufika jikoni anafunga disjonkta ya laini ya kupikia, siyo kifundo, disjonkta. Watoto wanaijua tangu wakiwa na miaka 8.

Nani achague nini

Kama unapanga kwa mwaka ao miaka miwili, kompteri ni ya 20 ao 32 A, na mwenye nyumba hataki kuchangia: furu ya meza na resho, laini mbili za 2.5 mu guluti, tere, diferansieli. Ukihama unatoa disjonkta zako na fili zako unaenda nazo. Wekeni hiyo ku karatasi mbele, yeye asiseme kesho kama umeharibu ukuta.

Kama nyumba ni yako, ao umekaa na utakaa, familia ni kubwa ao unauza chakula, na uko na 40 A: vuta ile ya 6, nunua kwizinieri, usifanye nusu nusu. Kable ya nyuma ya chombo iwe ya mpira mzito ile inavumilia joto, isiguse mgongo wa furu, na disjonkta yake uweze kuifikia bila kupitisha mkono juu ya sufuria inachemka.

Kama una kompteri ndogo lakini unapika kwa watu wengi, mimi ningechukua njia ya katikati: furu ya umeme kubwa kidogo, ile ya kuingiza mu meza, wati 2500 mpaka 3000, ku laini yake ya 2.5 na 20 A, na kupika sufuria ku butele ya gazi ao mbabula ku balkoni. Makala yanapanda bei na moshi wake unaua ndani, kwa hiyo nje tu.

Mimi nimebaki na hiyo ya katikati. Laini ilivutwa siku moja na nusu, tere tayari ilikuwa imepanda. Siku ya kwanza shemeji alikataa kuondoka, aliwasha furu ku 200, akakaa ku kiti saa moja nzima anakunywa chai, kisha akagusa na mgongo wa mkono mfuniko wa lile sanduku la ukutani, plastiki ya disjonkta, na guluti yote kutoka jikoni mpaka mlango. Vilikuwa vya uvuguvugu kidogo tu. "Kama siku moja ukisikia hapa ni moto," akasema, "zima, niite, usingoje harufu." Naigusa kila jumamosi mbele ya kutia gato ya kwanza.